Mikono ya Msanapiti

Wahandisi walikuja Jumanne, kofia za njano vichwani,
wakapima kifusi chetu kwa hatua na kwa kamba.
Mti huu, wakasema, unazuia buldoza kugeuka.
Mama alikuwa amekaa juu ya kilichokuwa kizingiti,
sindano ya kutungia maua ingali imechomekwa kwenye blauzi.
Kateni, akasema. Ila mikono yake niachieni.

Msanapiti ukikatwa haulii, unanyonyesha.
Maziwa yalichuruzika mpaka kwenye vigae vya paa lililolala,
kijana mmoja akagusa, akanusa,
akakuta vidole vimegandana.
Usijifute machoni! mama akamkemea,
maana nyumba imeanguka lakini yeye bado ni Na Obdulia,
binti wa Ta Cándido aliyeunga mifupa ya Juchitán nzima:
kitambaa, utomvu, kitambaa, utomvu,
mguu wa mbuzi, mguu wa mcheza mpira,
na mwaka mmoja mkono wa padri.
Kama utomvu unaponya sijui.
Najua padri alizeeka akitubariki kwa mkono uleule.

Mti huo ndio ulionisomesha.
Mwezi wa Mei, uzi mmoja, maua mia mbili,
shada za kuwavisha watakatifu na maharusi.
Lililochumwa kwa upondo, bei kamili;
lililookotwa chini, nusu.
Wateja hawakuona tofauti.
Mama aliiona, na hilo lilitosha.

Usiku ndipo hunukia kuliko mchana.
Nondo wakubwa kama kiganja hufika,
huchovya ulimi wao mrefu ndani ya ua,
hutoka mikavu, huenda ua la pili, la tatu,
wakibeba chavua bila ujira.
Asali hamna. Haikuwahi kuwamo.
Ndiyo maana wagombea wakipita mtaani na maspika yao
mama huchungulia dirishani, husema neno moja tu:
Sanapiti.

(Yule bwana wa serikali aliyeahidi nyumba kabla ya Krismasi
alikuwa amejipulizia manukato.)

Kaka yangu Heladio, baharia wa meli ya makontena,
alipiga simu kutoka Manila mwaka ule ule.
Mama, huku wanaupanda makaburini!
Wanauita kalachuchi, wanasema ni wa mababu zao.
Mama akacheka hadi simu ikamponyoka.
Kalachuchi! Hilo si jina lao,
wala si letu sisi Wazapoteki;
ni la Waazteki, majirani waliotutoza kodi:
cacaloxóchitl, ua la kunguru,
limevuka bahari na merikebu za Wahispania,
limeng'oka meno njiani, hilo basi.
Waambie wakae nalo, akasema.
Mti usiohitaji udongo kila mtu atauita wake.

Mikono tuliiegemeza kwenye turubai la buluu,
saba, mizito, ya kijivu, kama vidole vya mtu anayeomba tonge.
Oktoba ikadondosha majani.
Upepo wa kaskazini ukaja kututwanga, turubai likalia usiku kucha,
hatukuwa na maji ya kunywa sembuse ya kumwagilia kuni.
Mimi niliiita kuni. Nakiri.
Januari kwenye baridi niliinyanyua mmoja niutie jikoni
na mama hakusema kitu, alinitazama tu,
nikaurudisha.

Machi, alfajiri, nilidhani jirani amechemsha kitu kitamu.
Maua kumi na moja.
Bila mzizi, bila tone, juu ya tofali lililovunjika,
meupe, manjano kooni,
yakinukia kwa nondo ambao hawakosi kudanganyika.

Ungetegemea mama alie.
Aliyachuma, akayahesabu mara mbili,
akayatunga uzi mfupi, akaenda nao sokoni,
akauuza.
Bei kamili.

Hiyo mikono saba bado hatujaipanda.
Si uvivu. Mama anataka mti usimame pale pale,
kushoto kwa mlango ukitoka,
na hatujui bado mlango utakuwa upande gani.